Dufie na Kigoda cha Maendeleo

Hamtaniamini, na sijali, nimezoea. Nina habari ya mji uliomtawaza mwanamke kwa sababu alikuwa anaulisha, kisha ukamfunga mikono asiulishe, kisha ukamwadhibu kwa sababu una njaa. Mtasema Atakora amelewa. Haya. Lakini mwenyewe yuko hapa mbele yangu anakanda unga, na kila mstari ninaoumaliza namsomea kwa sauti, maana anasema mwandiko wangu ni wa kuku waliogombana. Nikidanganya, koleo lake la tanuri si fupi.

Ama Dufie alizaliwa mjini kwetu Amoafokrom siku za treni. Treni ilipokufa, kiwanda cha mbao kilikufa nyuma yake kama mjane aliyekataa kula, na vijana wakaondoka na mabegi yao, wengine Kumasi, wengine Takoradi, wengine hatujui hata leo. Mume wa Dufie naye alisema anakwenda mara moja kununua msumeno. Binti yao wakati huo alikuwa anatambaa. Sasa ana wajukuu. Msumeno mzuri huo, nadhani wanauchonga kwa mkono.

Mji ulibaki na wazee, mbuzi, na mwanamume mmoja mwerevu ambaye adabu inanizuia kumtaja.

Serikali ilituletea maendeleo mara mbili. Mara ya kwanza ilijenga soko lenye paa la bluu, na popo wanaishukuru sana. Mara ya pili ilisimamisha ubao mkubwa wa kusema maendeleo yanakuja. Dufie hakungoja ubao. Alichimba udongo wa kichuguu, akaukanyaga kwa miguu yake mwenyewe, akajenga tanuri kando ya barabara kuu. Donge lake aliliumua kwa tembo la mchikichi na kulikunia kungumanga, na ule mkate ukitoka, hata aliyefiwa alisimamisha kilio akauliza unauzwa wapi.

Magari yakaanza kusimama. Abiria mwenye mkate mkononi anataka yai, basi Pokuaa, jirani yake, akaja na beseni la mayai ya kuchemsha. Yai likaita pilipili, pilipili ikaita maji baridi. Gari likisimama sana hugundua kuwa limeharibika, basi akaja fundi wa matairi, na abiria wanaomngoja fundi wakaona suruali zao zimechanika, akaja mshonaji. Mwishowe kijana mmoja akarudi kutoka Takoradi, na mke juu! Mji mzima ulikuwa umening'inia kwenye tanuri la mwanamke mmoja kama nguo kwenye kamba.

Sasa kosa likaanza, na lilianza kwa heshima, kama makosa yetu yote.

Miji jirani ilikuwa na machifu wa maendeleo. Ntwaaban, ng'ambo ya kijito, walimtawaza daktari Mjerumani, wakamvika kitambaa cha kente, na yeye akawachimbia visima. Chifu wetu, Nana Amoafo, akakosa usingizi kwa wivu. Sisi Mjerumani hatukuwa naye. Ndipo msemaji wake, mzee Gyasi, mtu ambaye hawezi kuomba chumvi bila methali tatu, akamwendea Dufie tanurini.

"Dufie, mji umekuona."

"Umeniona nimefanya nini tena?"

"Mema. Nana anataka kukukalisha kwenye kigoda cha enzi. Utakuwa malkia wa maendeleo."

"Mimi? Mzee Gyasi, tazama miguu yangu. Hii ni miguu ya malkia?"

"Miguu tutaivika," Gyasi akasema, na akajichukulia mkate bila kulipa.

Alifurahi, msinione namsema. Mwanamke aliyeachwa kwa ajili ya msumeno, halafu mji mzima uje kumwita Nana, kama wanavyoitwa machifu! Siku ya kutawazwa alipakwa udongo mweupe, akavikwa shanga, akavishwa ndara za kichifu zilizombana kama deni. Na hapo ikafika sehemu ambayo kila mtoto wa kwetu anaijua. Mtu akikalia kigoda, mali aliyokuwa nayo na hakuitaja mbele ya watu humezwa na kigoda. Ndiyo maana msemaji huuliza mara tatu.

"Una cha kutaja kuwa ni chako?"

Pokuaa, aliyesimama nyuma yake, akamfinya. "Taja tanuri, wewe! Taja!"

Lakini utataja vipi? Watu wamekuchinjia kondoo, bunduki zinafyatuliwa hewani, na wewe uanze kuhesabu masufuria, kama bi harusi anayeficha vijiko vyake? Dufie aliona haya. Alipoulizwa mara ya tatu alijibu kwa sauti, "Changu ni kipi kisicho cha mji?"

Makofi! Bibi wawili walilia. Pokuaa peke yake alinyamaza, na kwa Pokuaa kunyamaza ni ugonjwa.

Alfajiri yake Dufie alikwenda kuwasha moto kama kawaida. Akamkuta Gyasi amekaa mlangoni mwa tanuri.

"Nana anakwenda wapi?"

"Kuwasha moto."

"Nana hawashi moto. Huwashiwa."

"Basi niwashie, nikande."

"Nana hakandi. Nana habebi kitu kichwani, hauzi, hagombani na madereva juu ya chenji, hakimbii, hali mbele za watu. Wala nyayo za Nana hazigusi ardhi tupu, ardhi hukasirika, mji ukapata balaa. Nenda ukakae, Nana. Maendeleo yako yataendelea."

"Na mkate ataoka nani?"

"Sarpong."

Huyu Sarpong ni mpwa wa chifu. Maisha yake yote hakuwahi kuchemsha hata yai likaiva pande zote mbili. Alipewa tanuri la Dufie, na binamu zake wanne wa kumsaidia kupumzika. Tembo la mchikichi, lile la kuumulia, walilinywa. Kungumanga waliiuza. Mkate wa kwanza ulipotoka, dereva mmoja wa lori la viazi vikuu aliugonga kwenye bampa yake, akamwambia Sarpong, "Kijana, kama hili ni tofali niambie tu, mimi najenga."

Magari yakapungua. Mayai yakabaki kwenye beseni. Mshonaji akafunga mashine yake ndani ya shuka, akaondoka bila kuaga. Yule kijana wa Takoradi akarudi Takoradi, na safari hii mke ndiye aliyemvuta mkono.

Mnadhani watu walikwenda kwa Sarpong? Sarpong si chifu wa maendeleo. Walikwenda kwa mwenye cheo. Kila asubuhi walisimama uani kwa Dufie, yeye amekaa kwenye kiti na shanga zake, amekatazwa kushika hata ufagio, na wao wanamtupia maneno yaliyofungwa kwa adabu.

"Nana, kwa heshima yako, tangu ukalie hicho kigoda watoto wangu wanalala na uji."

"Nana, labda kigoda ni laini sana, kinakupa usingizi."

Yeye hakuruhusiwa kujibu ila kwa kinywa cha Gyasi, na Gyasi alikuwa kwa chifu akinywa. Siku moja Pokuaa, rafiki yake wa kuchotea maji tangu utotoni, aliyemfinya kwa kumpenda, alikuja na beseni zima la mayai akalitua kwenye kizingiti.

"Malkia wa maendeleo, haya yameoza. Yafanyie maendeleo."

Na akaliacha hapo, juani. Dufie hakuruhusiwa kuliondoa. Nyumba ilinuka siku hiyo na iliyofuata, na wapita njia waliziba pua zao huku wakisujudu. Usiku tu ndipo alipopata kulia, na hata hapo alilia kinywa kikiwa ndani ya mto, maana kilio cha Nana hakitakiwi kusikika nje ya ukuta wake.

Ikaja sikukuu ya viazi vikuu vipya. Machifu wa jirani wote walikuja, na yule Mjerumani wa Ntwaaban akakaa kwenye safu ya mbele, mwekundu kama kamba aliyechemshwa. Nana Amoafo alikuwa amemwagiza Sarpong aoke mkate wa kuwagawia wageni wote, waone jinsi Amoafokrom ilivyoamka. Dufie alikaa chini ya mwavuli mkubwa, na Gyasi kando yake na fimbo yake ya dhahabu.

Ngoma zikiwa katikati, Dufie akasikia harufu. Tanuri lilikuwa umbali wa kutupa jiwe. Kwanza ganda linageuka rangi. Kisha sukari inaungua. Mwanamke anayejua tanuri lake anasikia kwa pua kama wewe unavyosikia kwa masikio. Akamwinamia Gyasi.

"Mwambie Sarpong atoe mkate. Sasa hivi. Unaungua."

Gyasi akasimama. Akasafisha koo. Akainua fimbo, ngoma zikanyamaza.

"Nana anasema hivi. Anasema, moto ni mgeni, na mgeni asiyejua kuaga humchosha mwenyeji. Anasema, mwenye kuni asimsahau mwenye majivu..."

"Gyasi! Mkate!"

"...na anasema mkate wa mji ni kama mtoto wa mji, hulelewa na wote. Ndiyo maneno ya Nana."

Machifu wakaitikia kwa kuridhika. Mjerumani akapiga makofi. Sarpong, kule tanurini, alipunga mkono akidhani anasifiwa.

Moshi ukaanza kutoka mweusi. Ule ulikuwa unga wa magunia yote yaliyobaki mjini, na wageni waliokuwa wamesimama pale ndio waliokuwa na magari. Wakila mkate mzuri siku ile, wangesimama tena kesho. Dufie alilijua hilo kuliko mtu yeyote chini ya miavuli ile. Alijua pia wanachofanyiwa Nana wanaokanyaga ardhi. Alizitazama ndara zake. Ndara zile mtu hawezi kukimbia nazo, ndivyo zilivyokusudiwa.

Akazivua.

Wanangu, kelele iliyotoka pale! Wanawake walishika vichwa. Malkia wa maendeleo, shanga zinaruka, kitambaa kinaburuta, anakimbia miguu mitupu katikati ya baraza la machifu! Alimsukuma Sarpong, akashika koleo, akavuta trei ya kwanza. Makaa. Akavuta ya pili. Makaa. Kwenye pembe ya mwisho, ambako tanuri lake lina ubaridi kidogo, na yeye tu ndiye aliyejua, akaokoa mikate michache. Akageuka na mmoja mkononi, unafuka, amewanyooshea wageni.

Hakuna aliyeupokea. Walikuwa wanatazama miguu yake.

Hawakungoja hata jua lizame. Walimkalisha kwenye kigoda, wakakivuta, wakamgongesha makalio chini mara tatu, kama desturi ya kumvua mtu cheo inavyotaka, na wauzaji wa barabarani walihesabu kwa sauti. Moja! Mbili! Tatu! Aliyehesabu kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Pokuaa. Kisha wakamtoza kondoo wa kuisafisha ardhi aliyoikanyaga, ardhi ileile aliyoikanyaga tangu azaliwe.

Dufie akainuka, akajikung'uta vumbi. Mkinitaka ukweli, alikuwa kama anatabasamu.

"Sawa," akasema. "Cheo mmechukua, na ni haki yenu. Sasa nipeni tanuri langu nikafanye kazi."

Gyasi akamtazama kwa huruma, ile huruma ya paka.

"Tanuri lipi, mama? Uliulizwa mara tatu mbele ya watu. Ukasema, changu ni kipi kisicho cha mji. Maneno yako hayo, siyo yetu."

Tabasamu likaanguka. Akawageukia watu, mmoja mmoja, wale waliomwona akilijenga kwa miguu yake mwenyewe. Wakatazama ngoma.

Na unadhani waliliwasha basi, hilo tanuri walilolishindania? Sarpong aliona aibu kurudi. Binamu zake walikuwa wamechoka kupumzika. Udongo usiopata moto hunywa mvua, na masika yale yalinywesha vizuri. Tanuri lilipasuka mgongo, likaketi, likawa kichuguu tena. Dufie alikwenda mara mbili kuomba walau aruhusiwe kulifunika kwa makuti. Wakamwambia kamati bado inajadili. Mara ya pili watoto walimfuata nyuma wakiimba ule wimbo wa moja, mbili, tatu, na mama zao walikuwa madirishani, hawakuwaita ndani.

Basi alitia beseni lake la kukandia kichwani, akavuka kijito hadi ardhi ya Ntwaaban, ambako hakuna anayemwita Nana. Akachimba kichuguu kingine, kwa umri ule, na magoti yale.

Na siku alipotoa mkate wa kwanza hapa Ntwaaban, wanangu, harufu ilivuka maji ikaingia Amoafokrom nyumba kwa nyumba kama mdai. Malori yakafunga breki, yakapanga mstari kutoka hapa hadi Kumasi, na Gyasi, kwa macho yangu haya mawili, alikuja anatambaa, miguu mitupu, na nyuma yake Nana Amoafo amebeba kigoda kichwani, na Pokuaa analia damu, wote wanasema mama tusamehe, mama rudi, tutakujengea tanuri la dha...

"Atakora." Dufie ameacha kukanda.

"Nini tena? Ndiyo kwanza panakolea."

"Hakuja Gyasi. Hakuja mtu. Siku ile lilisimama gari moja, limepasuka tairi, na dereva aliniuliza kama nina jeki."