Risala Niliyoisoma Mara Mbili

Ipo siku moja, mwanangu, haijapata kunitoka kichwani, na leo nataka uketi uisome yote. Mimi si mtu wa kuandika. Shule niliishia darasa la nne, na haya yamenichukua wiki nzima, kalamu mkononi, ugali unaungua jikoni. Vumilia mwandiko. Na nitataja majina, maana aibu ikikosa jina huishia kubebwa na mtu ambaye hakutenda.

Ilikuwa sikukuu ya Uhuru kijijini kwetu milimani, kule unakopanda kutoka Bigwa mpaka magoti yanaomba radhi. Nilikuwa binti wa miaka kumi na saba. Nilikuwa na sauti. Kisomo changu kilikuwa kidogo, lakini majirani wote barua zao nilizisoma mimi, na nikisoma hata mbuzi wanaacha kutafuna. Kwa hiyo katibu wa kijiji, Shabani Kitale, alinichagua nisome risala mbele ya mgeni rasmi.

Jina lake nalirudia ulishike: Shabani Kitale. Alikuwa kijana wa suruali ya kupigwa pasi, mpole wa maneno. Siku moja kabla ya sherehe akanipa karatasi mbili zilizopigwa chapa. Nikazisoma nikiwa nimesimama palepale ofisini kwake, na nilipofika katikati nikaweka kidole kwenye mstari mmoja.

Sasa ngoja nikueleze, maana wewe umezaliwa juzi. Miaka michache kabla ya Uhuru, serikali ya mkoloni iliwalazimisha wazee wetu kuchimba matuta ya ngazi milima mizima. Walisema ni kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Labda wao waliamini. Lakini udongo mweusi wenye rutuba ukafukiwa, ukaja juu ule mwekundu wa chini ambao hata kunde inaukataa. Mahindi yakatoka kama vidole vya mgonjwa. Na usipofika kuchimba, jina lako linaandikwa, unaitwa baraza, unaadhibiwa.

Kwenye mteremko wetu, asubuhi moja, wanawake walikwenda kazini kama kawaida. Bwana shamba alikuwa amekaa kwenye kimeza chake cha kukunja. Bibi yangu mzaa mama, Zaina binti Kibwana, akamsogelea, akaligonga jembe kwenye jiwe mpaka mpini ukatoka, akalilaza lile bapa la chuma mbele ya kimeza. Mpini akauweka begani. Akasema, "Chuma ni chenu mlitugawia, mti ni wangu nilikata mwenyewe. Nakwenda kuupikia." Akaondoka. Wakafuata wengine, mmoja mmoja, mpaka yale mabapa yakapangika chini kama samaki mnadani. Bibi alikamatwa siku ileile, akateremshwa boma mjini, akafungwa siku nne. Lakini kwenye mteremko wetu matuta hayakuchimbwa tena.

Hayo nimeyasikia tangu nanyonya. Na karatasi ya Shabani Kitale ilisema hivi: "Mzee wetu Mohamedi Kitale aliwaongoza wanaume kutupa majembe, nao kina mama walisaidia kwa kupika uji."

Mohamedi Kitale alikuwa babu yake.

Nikamwambia, "Kaka Shabani, hapa si ndipo pa bibi?"

Akatabasamu. "Binti, mgeni rasmi ana nafasi ndogo. Historia ya taifa haibebi majina yote ya kijiji."

"Lakini la babu yako limebebeka."

"Una mdomo wewe," akacheka. "Mdomo kama huo unafaa mjini. Pale kiwanda cha nguo wanataka wasichana. Nikiandika barua, mwezi ujao uko kwenye mashine. Au unataka kubaki huku unapalilia migomba?"

Mwanangu, nilitaka mjini. Nilikuwa naziona taa za mji kutoka uani kwetu kila jioni, naona kama zimewashwa kuniita mimi. Nikaikunja ile karatasi, nikaenda nayo.

Kesho yake nikaisoma. Niliisoma vizuri sana, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Bibi yangu alikuwa amekaa mstari wa mbele, kajifunga khanga mpya, miguu kainyoosha kwenye mkeka. Nilipofika penye uji sikumtazama. Watu walipiga makofi. Wazee wachache wakaguna, lakini nani atamkatiza binti anayesoma mbele ya bendera? Ngoma ikapigwa, ikaisha.

Jioni nilimkuta bibi uani anapukuchua maharage.

"Sauti yako nimeisikia," akasema. "Imefika mpaka ng'ambo ya korongo."

"Asante, bibi."

"Hebu nisomee tena pale penye mimi."

Nikachutama, nikaanza kupukuchua naye.

"Basi nisomee penye uji. Huo uji niliupika kwa chungu gani? Maana nakumbuka nilikuwa boma, na kule uji walikuwa wanatupikia wao, tena una mawe."

Nikaanza kulia. Hakunibembeleza. Bibi yangu alikuwa na huruma, lakini alijua pa kuiweka.

"Mkoloni aliniweka ndani siku nne, nikatoka," akasema. "Wewe umeniweka ndani ya karatasi. Humo nani atanitoa? Usilie, mjukuu wangu. Ulisema mbele ya watu, siku moja kaseme tena mbele ya watu. Mimi nakusubiri."

Mwezi uliofuata nikaenda kiwandani. Bibi alinisubiri miaka tisa, akafa. Sikusema.

Maisha yalinipiga baada ya hapo, na sitakuficha. Kiwanda kilifungwa tukatoka tumeweka mikono kichwani. Nikarudi nyumbani milimani. Ukaja msimu wa mvua zile mbaya, mlima ukaporomoka, ukazoa nyumba yetu na mama na mama zangu wadogo wawili. Mimi majirani walinichimbua kwa mikono, tope limenifika kidevuni. Nikauliza, kwa nini mimi? Nilikaa na hasira miaka mingi. Nikahamia Bigwa, nikauza ndizi, nikawa mtu wa kununa. Wateja waliniita Mama Pilipili, na sikuwalaumu.

Lakini fikiria. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na ardhi inafuata ukoo wa mama. Katika tumbo la Zaina binti Kibwana, aliyebaki hai baada ya tope lile nilikuwa mimi peke yangu. Kama ningekufa nimefunga mdomo, basi ingebaki karatasi ya Kitale.

Na karatasi haikuwa imelala. Mwaka jana, muuza mboga mmoja kutoka kwetu aliniambia pale gengeni, "Mama Pilipili, shule yetu ya sekondari imekwisha kujengwa. Itafunguliwa sikukuu ya Uhuru. Wameipa jina la Mohamedi Kitale, yule shujaa wa majembe."

Nilimwachia ndizi zangu palepale. Nikapanda mlima na miguu hii yenye baridi yabisi mpaka ofisi ya kata. Nikamkuta mtendaji, kijana mwenye adabu.

"Shikamoo mama, karibu."

"Marahaba. Nani kawaambia Kitale alikuwa shujaa?"

"Mama, sisi tunakwenda kwa maandishi." Akafungua faili, akatoa karatasi mbili zilizogeuka rangi. Nilizijua kabla hajanipa. Chini kabisa pameandikwa: Imesomwa na Ndugu Mwanaidi Seifu.

"Mwanaidi Seifu ni mimi," nikasema.

Uso wake ukafunguka. "Alhamdulillahi! Basi wewe ndiye shahidi wetu! Siku ile tutakukalisha mbele."

Ona mambo. Uongo wangu ulinipatia kiti. Nikamwambia pale pale kwamba risala ile ni ya uongo. Akajikuna kichwa, akasema kamati imeshakaa, kibao kimeshaandikwa, labda nipeleke malalamiko baada ya sherehe. Malalamiko baada ya sherehe, mwanangu, ni kumkimbilia bwana harusi kumwambia mke si huyo wakati watoto wawili wameshazaliwa. Nikashuka zangu. Lakini kiti nilikikubali.

Sikukuu ikafika. Bendera zimefungwa kwenye mianzi, watoto wamepangwa kwa sare, kwaya ya kanisa upande huu, wapiga dufu wa madrasa upande ule, na kibao cha shule kimefunikwa kitambaa cha bluu. Meza kuu yuko Shabani Kitale, sasa mzee wa miaka sabini, kanzu nyeupe, fimbo yenye kichwa cha fedha. Mgeni rasmi alikuwa mama mmoja kutoka wilayani, mnene, mtulivu. Risala ilipokwisha kusomwa na mwanafunzi, nikainuka.

Mshereheshaji, kijana wa mjini mwenye miwani myeusi, akanikimbilia. "Bi mkubwa, ratiba imetubana. Risala ni moja tu, imeshapita."

"Mimi sina ya pili," nikasema. "Ni ileile. Miaka ile niliisoma vibaya, nimekuja kuirudia."

Watu wakacheka. Yule kijana akataka kunishika mkono. Mgeni rasmi akasema, "Mwache asome."

Sikuwa na karatasi. Kabla ya yote nikageukia meza kuu, nikapiga goti kidogo. "Mzee Shabani, shikamoo."

Ilimbidi aitikie. "Marahaba."

"Mimi ni Mwanaidi, mjukuu wa Zaina binti Kibwana. Niliposimama hapa nikiwa msichana, nilisema babu yako aliongoza watu kutupa majembe. Nilisema uongo. Uliuandika wewe, nikausoma mimi, na nililipwa kazi ya kiwandani. Tuko wawili wenye kosa, na leo tuko wawili hapa."

Vichwa vyote vikageukia meza kuu.

Shabani akagonga fimbo. "Huyu mama ana kinyongo. Kila mtu anamjua."

"Kinyongo ninacho, sikatai. Nikipata mtu wa kumgawia nitamgawia. Lakini nijibu moja tu, mzee wangu. Ule mteremko wa majembe ni wa ukoo gani?"

Akaitazama fimbo yake. Wazee wote pale wanajua jibu.

"Ni wa kwetu," nikasema. "Wa kina bibi. Babu yako Mohamedi alikuja pale kuoa. Sasa wazee wangu niambieni, mwanamume aliyekuja kuoa, tangu lini akasimama kwenye ardhi ya ukoo wa mkewe akatangaza hailimwi?"

Wazee walicheka kwa vifua. Mmoja akapaza sauti, "Angelala nje siku hiyohiyo!"

Ndipo kwenye mkeka wa wanawake akainuliwa Bibi Mwanne, baada ya jirani yake kumpigia kelele sikioni. Ana miaka zaidi ya themanini, siku ya majembe alikuwa kigori. Nilikuwa sijampanga, wallahi. Nilijua ameshakuwa kiziwi.

"Mnasema Mohamedi?" akapayuka, kama viziwi wanavyopayuka. "Mohamedi wa daftari? Si ndiye alikuwa mnyapara wetu! Daftari kalibana kwapani, anatuita majina! Zaina alipoweka jembe chini, Mohamedi akaandika jina lake kwanza. Mimi langu aliandika la saba. Nilimwambia aandike vizuri, asije akanikosea!"

Mwanangu, vigelegele vilivyopigwa pale nilidhani mlima utashuka mara ya pili. Wanawake walisimama wote. Kuna waliokuwa wanataja majina ya bibi zao, mabapa yao waliyoyalaza, huyu anamkatiza yule: "Na bibi yangu alikuwepo!" "Na mama mkubwa wangu!" Majina yaliyokaa makaburini yakawa yanaruka uwanjani kama kumbikumbi mvua ya kwanza. Mgeni rasmi akachukua kalamu akaanza kuyaandika mwenyewe. Alipojaza ukurasa akasema, "Kitambaa hiki mimi sikifunui leo. Kaeni mkutano wa kijiji, mniletee jina la kweli."

Mkutano ulikaa wiki ya pili. Waliopinga walikuwa wachache, wote wa nyumba moja, na wajukuu wawili wa nyumba hiyohiyo walinyoosha mikono upande wetu. Shabani Kitale hajaniomba radhi. Tukikutana namwamkia, ananiitikia, tunapishana. Hilo nimeliacha kwa Mungu, maana mimi mwenyewe niliyekuwa na deni la kusema nimechukua miaka arobaini.

Juzi nilikuwa pale Bigwa, akapita binti mmoja kavaa sweta ya kijani, begi mgongoni, anahema kwa kushuka mlima. Nikamuuliza anasoma wapi.

"Zaina," akanijibu, akaendelea na safari yake.

Hivyo tu. Hakusema Bibi Zaina, hakusema shujaa. Alilitaja kama mtu anavyotaja nyumbani kwao, na hajui alikuwa anaongea na nani. Niliinama kwenye ndizi zangu nikacheka peke yangu mpaka mteja akaniuliza kama ni mzima.

Sasa shika haya, mwanangu. Ukipewa karatasi ya kusoma siku ya taifa, nenda nayo nyumbani kwanza, kaisome mbele ya wazee wako, uwatazame nyuso. Ukifika mahali wakainamisha macho, hapo pana mtu kafukiwa. Ukisikia kwamba wanawake walipika uji, uliza walikuwa wapi kabla ya kupika. Penda nchi yako, piga makofi, imba wimbo kwa sauti yako yote, lakini usiikubali sherehe inayokutaka umsahau aliyekuzaa. Na kama umeshakosea kama mimi, usingoje miaka arobaini. Msalimie mkosaji mwenzako kwa heshima, halafu sema, jina lako ukilitaja la kwanza.

Mungu akupe sauti na akupe moyo wa kuibeba. Akuhifadhi na tope na akuhifadhi na tamaa. Wazee wako wakikuita wakukute unaitika, na wewe ukiondoka, pabaki mtoto anayeweza kukutaja bila kutazama karatasi. Nenda salama, mwanangu.