Muzimu wa Kibandani na Maharagi Yake

Enzi zile kwetu Masisi, kabla jino langu la kwanza halijang'oka, niliiba chakula cha muzimu. Si mara moja. Karibu msimu mzima wa kiangazi. Naanza na hilo ili wenzangu wa rika langu wasinidhanie mtakatifu.

Watoto wengine waliteleza mlimani juu ya makanda, yale magamba ya migomba, mpaka nguo zinatoboka nyuma. Mimi nilibaki nyumbani. Nilipenda moshi wa jikoni, harufu ya kasiksi, pombe ya ndizi, ikichacha, na Koko, mama ya baba. Jumapili Koko aliimba kanisani kumshinda katekista. Jumatatu alifagia kibanda cha muzimu kule mgombani, kidogo kama cha kuku.

Asili ya mizimu alinieleza yeye. Mungu Mkubwa aliiumba kabla ya milima, akaiita kuigawia kazi. Mmoja akapewa radi, mwingine moto wa volkano, mwingine nyama wa pori. Wa mwisho alichelewa, alikuwa angali anaota jua. Kazi zilikuwa zimeisha. "Basi wewe kaa tu kwa watu," Mungu akasema, "wakulishe, uwachungie wasafiri wao." Huyo ndiye alikuwa wetu. Nilimpenda kama ndugu.

Baba alikuwa amepelekwa kutengeneza barabara ya Walikale, ndani ya pori, na habari zake zilikatika. Kila asubuhi Koko alipeleka kibandani bakuli la maharagi na ndizi. Likikutwa tupu, muzimu amekubali, baba yuko hai.

"Amekula!" alipiga vigelegele. "Mutoto wangu iko muzima!"

Aliyekula ni mimi.

Kisha katekista akatufundisha kwamba mwizi haoni mbingu. Nikaacha. Siku mbili bakuli likabaki limejaa, nzi juu yake. Koko akavua kitambaa cha kichwa, akakaa kwenye majivu, hali wala hanywi. "Amekataa," alisema. "Mutoto wangu alikufia kule mu pori."

Ningesema kweli, ningemwambia pia kwamba hata zile siku za vigelegele hakuna muzimu aliyekubali kitu. Siku ya tatu nikaingia mgombani. Maharagi yalikuwa yamechacha. Nikayala mpaka chini, huku nalia, nikiziaga mbingu kijiko kwa kijiko. Mchana ule Koko alikula fufu.

Niliendelea kuiba mpaka baba alipofika, amekonda, kabeba nyama ya kukaushwa kwa moshi. Kipande cha kwanza Koko alikipeleka kibandani. Hicho nilikila bila machozi.

Leo wajukuu wangu wana mizimu ya ndani ya telefone: mabawa, panga, macho ya moto. Nikiuliza nani aliiumba, hawajui. Nikiuliza inakula nini, wananicheka. Sasa muzimu asiyekula, utajuaje kama amekusikia? Wetu hakuwa na bawa hata moja, lakini bibi mzima alisimama au alianguka kwa bakuli lake. Kibanda kilishaoza, na mgomba wake hatujui ni upi.

Juzi nilimsimulia haya jirani yangu, Mama Nyota, nimekaa mlangoni kwangu nikingoja mkamwana aniletee chakula. Akanitazama kuanzia kichwa mpaka kiti.

"Dada, tangu asubuhi hautoke, haufanye kazi, unangojea tu sahani. Ule muzimu hakupotea. Ndio wewe."