Utepe wa Taipu na Shimo Jeusi

Miaka ya tisini nilikuwa mpiga taipu Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, kwenye veranda ya loji moja iliyotazamana na foleni ya malori. Niliwaandikia madereva barua za nyumbani, na mawakala fomu za forodha. Watu hudhani mpiga taipu anajua siri za kila mtu. Uongo mtupu. Ukishazoea kazi, maneno huingia sikioni na kutokea vidoleni bila kupita kichwani, na jioni ukiulizwa umeandika nini, hujui. Nilijivunia jambo hilo.

Baba yangu hakujua kusoma. Alasiri moja alikuja kwa baiskeli kutoka Busibwabo, akaketi kwenye kiti cha wateja, akasema anataka barua kwa kaka yangu. Nilishtuka. Kaka alikuwa mwalimu wa fizikia ng'ambo, Uganda, na hakuja kumzika mama. Tangu mazishi hayo baba hakuwa amelitaja jina lake. Kwetu, mzazi akinyamaza namna hiyo watu huanza kuogopa laana.

Baba alisema, nami nikapiga. Ukurasa mmoja. Alitia kidole gumba kwenye wino, akagandamiza chini ya karatasi, nami nikampa bahasha dereva aliyekuwa akivuka. Haikufika. Wiki chache baadaye baba alianguka shambani, na huo ukawa mwisho wake.

Safari hii kaka alikuja. Siku ya tatu baada ya mazishi, nilipokwisha kumwambia habari za barua iliyopotea, alinifuata kazini.

"Mzee alisema nini kwa hiyo barua?"

"Sikumbuki."

"Alinilaani ama alinisamehe? Niambie hiyo tu."

"Nilikuwa napiga tu, kaka. Sikuwa nasikiliza."

Nilidhani atanizaba kofi, na ningeona afadhali. Badala yake aliiangalia mashine.

"Ribon ulibadilisha?"

"Bado. Ni ile ile."

Ndipo akaanza kunieleza habari za mashimo meusi, kwa ile sauti yake ya darasani. Nyota kubwa ikifa hujikunja ndani yake, ikabana hata mwanga usiweze kutoka. Sasa wataalamu wanabishana, alisema. Ukitupa kitabu humo, maneno yake yanakwenda wapi? Shimo lenyewe huvuja joto, kidogo kidogo, mpaka liishe. Wengine husema kitabu kimekwisha nalo. Wengine wanakataa katakata: ulimwengu haufuti kitu, taarifa zipo, ila zimevurugwa zisisomeke. Tena wapo wanaokisia kwamba haziko tumboni mwa shimo bali kwenye ngozi yake, na kwamba huenda ulimwengu wote, sisi na malori haya, umeandikwa hivyo juu ya ngozi fulani ya mbali.

"Ni makisio tu," alisema. "Lakini wanafunzi wakiniuliza, mimi huwaambia haipotei."

Aliuchomoa utepe, akafunga ncha yake kwenye nguzo ya veranda na kuunyoosha akielekea kwenye jua. Kila herufi huacha alama kwenye utepe wa taipu, lakini utepe huenda kulia, ukifika mwisho hurudi kushoto, na mimi nilikuwa mbahili, niliurudisha mpaka wino upauke. Juu ya maneno ya baba zilikuwa zimepita shehena za chumvi, matairi, na salamu za madereva kwa wake zao. Herufi zilikaliana.

"Iko hapa," kaka alisema. "Yote iko hapa."

Vidole vyake vilikuwa vyeusi. Nilimwonea huruma, kisha nikamkasirikia: msomi mzima, aliyecheka laana maisha yake yote, sasa anaitafuta kwenye kitambaa cha wino. Nikamdanganya ili yaishe.

"Alikusamehe."

"Kwa maneno gani?"

Nilianza kupanga fomu mezani. Aliukunja utepe ndani ya leso, akavuka nao mpaka.

Kila Krismasi alipokuja nilimuuliza. Mwaka mmoja aliniambia amepata herufi tatu, m, w, a. Labda ni mwanangu. Labda pia ni mwagizaji, neno lililokuwa kwenye kila fomu ya forodha. Alicheka aliposema hivyo, na kicheko hicho kiliniuma.

Kuna jambo sijawahi kumwambia. Kanuni yangu ilikuwa kumsomea mteja barua yake kabla hajatia kidole. Alasiri ile foleni ilikuwa imeanza kusogea, na dereva aliyengoja bahasha alikuwa akinipigia honi.

"Nisomee, mama," baba alisema. Aliniita hivyo kwa sababu nina jina la mama yake.

"Iko sawa, baba. Nimepiga vile umesema."

Aliniamini, akatia kidole. Dakika mbili tu, na ningeyasikia maneno yake kwa mdomo wangu mwenyewe.