Ngazi za Bi Kazija

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika goti la mtu. Niliingia kitengo cha mazoezi ya viungo cha hospitali ya mjini na koti jeupe lililonyooshwa pasi, cheti mkobani, nikidhani nitakabidhiwa mgonjwa hapo hapo. Mkuu wa Kitengo, mama wa Kipemba mkavu wa maneno, akanionesha benchi la wagonjwa.

"Kaa pale."

"Nikae nifanye nini, bi mkubwa?"

"Utazame watu wanavyonyanyuka. Anayejisukuma kwa mikono, paja lake limelala, halina nguvu. Anayelalia upande mmoja, anaukimbia wa pili. Ukishayaona hayo, ndiyo uje na cheti chako."

Nilikaa mpaka adhuhuri, nimenuna. Sasa nimestaafu, na hadi leo siwezi kumtazama mtu akinyanyuka kitini nisimpime.

Nyinyi mnaoanza kazi leo mna mashine na picha kwenye simu. Sisi tulikuwa na mkeka, mfuko wa mchanga wa kufunga mguuni, taulo la moto na ulimi. Ulimi ndio uliofanya kazi kubwa. Nikiwaeleza wagonjwa goti lililochakaa, niliwauliza kama wanaijua ile nyeupe laini wanayoitafuna kwenye ncha ya mfupa wa kuku. Ile ndiyo gegedu. Ikilika, mifupa inasuguana, na goti linavimba na kukakamaa asubuhi. Gegedu iliyolika hairudi, na anayekuuzia mafuta ya kuirudisha ni muongo, hata awe mjomba wako. Lakini maumivu yanapunguzwa, na mtu akaishi maisha yake vizuri tu.

Baadaye nilihamishiwa hospitali ndogo ya shamba, kusini. Kule wagonjwa wangu walikuwa wakulima wa mwani, kutwa wameinama majini, na kazi yangu ilikuwa kuwabembeleza wapumzike. Niliporudishwa mjini nikakuta ugonjwa wa kinyume. Magoti ya mjini yalikuwa yamechoka kwa kukaa.

Ndivyo nilivyomkuta Bi Kazija, miaka yangu ya mwisho kazini. Mwanawe, Seif, alikuja kuniomba nimwone mama yake nyumbani, Mji Mkongwe, ghorofa ya pili, ngazi za mbao zimesimama wima.

"Shikamoo, Bi Kazija."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunisugua?"

Kabla sijajibu akataka kunyanyuka afuate miwani yake dirishani. Seif na mkewe Rahma wakapiga kelele pamoja: "Mama, kaa!" Miwani ikaletwa. Chai ikaletwa, na haluwa. Hata maji ya udhu aliletewa na beseni pale pale kitandani. Walimpenda mno, masikini, na kila walichomletea kilizidi kumlaza paja.

Walipotoka akanishika mkono. "Mwanangu, tangu Mfungo Mosi, mwezi wa Idi, sijakanyaga chini. Dada yangu yuko Kizimkazi, kule kusini, mgonjwa, tunasikizana kwenye simu tu. Ngazi zile naziogopa. Nahisi ntateremshwa nimelala, kwenye jeneza."

Mimi si mtu wa kulia ovyo, lakini pale nilijifanya natafuta kitu mkobani.

Alikuwa keshajaribu mengi. Vidonge vya maumivu vilimchoma tumbo. Alishaumikwa kwa pembe, akasuguliwa mafuta ya karafuu. Sindano ya ndani ya goti ilimpa nafuu, kisha ikaisha nguvu. Sasa Seif alitaka mama apelekwe Bara akawekewe goti bandia. Nikaichukua picha yake ya eksirei kwa Daktari wa Mifupa. Akaiinua dirishani, akaitazama.

"Limechakaa, kweli. Halijafika kwenye kisu. Yeye huwa analala usiku?"

"Analala, daktari."

"Basi mpe paja kwanza. Nikimpasua leo, goti jipya atalibeba nani? Kisu hakikimbii."

Msinielewe vibaya. Nilikuwa na mgonjwa mwengine, mwalimu, mguu umepinda na usiku hapati usingizi, mazoezi hayakumfaa kitu. Huyo alipasuliwa, na mazoezi akayafanya baada ya kupasuliwa, na leo anatembea. Kwa Bi Kazija kulikuwa na nafasi ya kujaribu.

Vita vikawa na watoto. Niliwaambia mama ajinyanyue mwenyewe na maji ya udhu ayafuate mwenyewe.

"Bi Saada, watu watasema nini?" Rahma akaruka. "Mkwe wangu ahangaike na mimi nipo?"

"Watasema anatembea."

"Akianguka je?" Seif alishakasirika.

"Simama karibu naye. Mikono yako iweke nyuma."

Tulianza kitandani: taulo lililoviringishwa chini ya goti, alikandamize kwa nguvu, ahesabu, aachie. Kisha kunyanyuka kitini bila ya mikono, kwanza kwenye kiti kilichoongezwa mto, kisha mto tukautoa. Haluwa ikabaki ya Ijumaa, goti lisibebeshwe uzito bure. Fimbo nikamshikisha mkono wa upande wa goti zima, akanibishia wiki nzima kwamba nimekosea.

"Wewe mtoto huna huruma!"

"Sina. Nyanyuka tena."

Hatimaye tukaziendea ngazi. Kanuni yake ni fupi: ukipanda, mguu mzima unatangulia, ukishuka, fimbo na mguu mbovu mbele. Seif alitangulia chini, anarudi kinyumenyume, mikono nyuma kama nilivyomwamuru, jasho linamtoka. Bi Kazija alishuka anasoma dua na kunitukana kwa zamu. Alipokanyaga chini, akakaa barazani akalia. Rahma akalia. Nikawagombeza wote wawili, kisha na mimi nikalia.

"Linauma?" nikamuuliza.

"Linauma, ndiyo. Niache liume, nnakwenda Kizimkazi."

Akaenda. Alikaa na dada yake mpaka dada akapona. Alhamdulillahi.

Sasa ni mimi. Naishi juu, katika majumba ya ghorofa ya Michenzani, na goti langu la kulia limeanza. Wanangu wakanambia, "Mama, kaa," na mtanicheka, nikakaa. Kuletewa chai ni kutamu jamani! Nikaanza kuwaagiza hata rimoti.

Alasiri moja nikasikia hodi mlangoni, na mtu anahema. Bi Kazija, fimbo mkononi.

"Ya rabi! Umepandaje huku?"

"Zima mbele. Nshasikia kwamba umelala. Nyanyuka."

"Bi Kazija, goti langu..."

"Limechakaa, najua. Mikono usiitumie."

Binti yangu akaja mbio kunishika. Bi Kazija akamzuia kwa fimbo. Nikanyanyuka. Tukashuka wote, bovu mbele, polepole, tukipisha watoto wa skuli waliokuwa wakipanda wakikimbia. Chini kabisa akasimama, akavuta pumzi, akanitazama akicheka.

"Unaona, mwanangu? Tumeshuka kwa miguu yetu."