Eda ya Yaya Wangu na Mkutano wa Madaktari

Mkutano wa watu wakubwa mwanzo wake ni choo. Halafu maji, halafu vitanda. Hotuba inakuja nyuma kabisa. Mimi ndiye niliyesimamia kuchimba vyoo vya mkutano wa madaktari wa malale hapa Kasongo, miaka ya mwisho-mwisho ya Wabelgiji, kwa hiyo nasema ninachokijua. Malale, kwa wale ambao hawakuuona, ni ugonjwa wa usingizi, ule unaoletwa na mbung'o. Mtu anasinzia na tonge mkononi, anakonda, anaanza kusema ovyo, anakufa. Ulitumaliza sana upande huu. Ndiyo sababu wataalamu wa nchi nyingi walikubali kuja kukutana kwetu, mbali hivi, mahali ambapo hata hoteli haikuwako.

Mwenye mkutano alikuwa daktari mmoja Mbelgiji, mrefu, mabega yameinama, aliyezunguka vijiji vyetu miaka mingi akichoma watu sindano. Mimi nilikuwa kapita wake, msimamizi wa watu wake wa kazi. Shule nilisoma kidogo tu. Mapadri walinichoka, nami nikawachoka, na baba, ambaye alikuwa mtu wa msikitini, hakusikitika. Lakini kupanga watu na vitu nilijua.

Wageni wangeshuka treni ng'ambo ya mto Lualaba, wavuke kwa baki, yaani kivuko, kisha wapande kamio, yale malori, mpaka mjini. Baki ilibeba kamio mojamoja, na ukichanganya mizigo na wenye mizigo, mtu analala huku na shati lake liko ng'ambo. Nikasema mizigo ivuke kwanza. Vitanda tuliazima kwa masista, kwa mapadri, kwa watu wa kampuni ya pamba. Vyandarua vikapungua, tukashona vingine. Tena wageni wengine walikuwa Waislamu, kutoka Sudani na Misri, ikabidi kila mbuzi achinjwe na mtu wetu. Mpishi wa Wazungu, ambaye alikuwa Mkristo, akakasirika, akaniuliza kama kisu chake kina dhambi. Nikamwambia kisu hakina, mwenye kisu sijui. Tukacheka. Bado kulikuwa na kucheka wakati huo.

Sasa nije kwa yaya wangu, dada yangu mkubwa, maana habari yenyewe ni yake.

Siku ya tatu ya mkutano, wageni wote wangepelekwa Kabambare, kwenye dispensari, na pale Daktari angewaonyesha yaya wangu, tumbo moja na mimi. Zamani aliletwa kwake amebebwa kwenye machela, hajui hata jina la mama yetu. Daktari akamtibu, akapona, akazaa, akalima. Kila mahali Daktari alipoandika habari za dawa yake, yaya alikuwamo. Madaktari wa nchi nyingine walitaka kumwona kwa macho, wamtazame mgongo mahali sindano ilipoingia, wamtembeze, wamuulize.

Na mume wake alikuwa enfirmie wa Daktari, yaani msaidizi wa kutibu. Ndiye aliyemshika yaya mabega siku ya kuchomwa mgongoni, maana sindano ile inauma, na mgonjwa akitikisika anaharibika. Yaya alipopona, yule kijana akatuma wazee kumposa. Shangazi yetu akasema, "Huyu alishika kwanza, sasa ndiyo anaomba ruhusa." Waliishi vizuri. Sikuwahi kusikia yaya akirudi nyumbani kwa hasira, na sisi katika ukoo wetu hasira tunazo.

Basi tulipobakiza kupaka chokaa tu, shemeji akafa Kabambare. Tumbo, siku chache, kwisha. Habari ilimfikia Daktari nikiwa mbele yake. Alisema ni hasara kubwa, akanipa shuka na mfuko wa sukari nipeleke kwenye kilio, halafu akaniuliza kama mabenchi ya dispensari yako tayari. Sikumchukia. Alikuwa halali usingizi kwa sababu ya ule mkutano.

Lakini mwanamke wa kwetu akifiwa na mume anakaa eda, miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba ya marehemu, nguo nyeupe, bila manukato, na wanaume wasio ndugu zake hawamwoni. Mkutano ulikuwa unaanguka katikati ya eda. Nikamwambia Daktari. Akasema ni saa moja tu, na watu wamevuka bahari kwa ajili yake. Bwana mkubwa wa teritwari, Mbelgiji aliyetawala wilaya yetu, alikuwa amekaa pale, anapuliza kiko. Yeye akasema asipotaka kutembea, polisi watamsaidia miguu. Nikatumwa Kabambare kupanga mabenchi na kumtayarisha.

Mlangoni nilimkuta mama mkwe wake, mzee mwenye ulimi mkali.

"Umekuja ndugu wa mufiwa ao kapita wa Wazungu?" akaniuliza. "Nijue nikutolee kiti gani."

"Mama, nimekuja yote mawili."

"Basi kaa chini. Kiti cha watu wawili hatuna."

Nikakaa chini, ndani, kwenye mkeka, mbele ya yaya. Alikuwa amepungua. Nikamweleza yote, hata ya polisi, sikuacha kitu. Akasikiliza huku anavuta uzi wa mkeka.

"Daktari iko muzima?" akauliza.

"Iko muzima, yaya."

"Miguu yake iko?"

"Iko."

"Mume wangu alitembea naye mpaka Wamaza, mpaka Lusangi, mvua na jua. Alimubebea sanduku, alimushikia wagonjwa. Sasa amekufa. Shuka imefika, sukari imefika. Mwenyewe hapana. Halafu anataka mugongo wangu."

"Na polisi wakikuja?"

"Watanibeba. Kutembea sitatembea. Dawa yake ilinipa uzima, mudogo wangu, sikatai. Lakini hii eda ni ya mume wangu. Sina kitu kingine cha kumupa."

Mama mkwe akasema kutoka mlangoni, "Umesikia, kapita?"

Nikasema nimesikia.

Nilirudi Kasongo, nikamweleza Daktari maneno yale kama yalivyo. Alikuwa amesimama dirishani, amenipa mgongo. Nikaenda kupokea wageni, maana treni ilikuwa imefika.

Siku mbili za kwanza mambo yalikwenda. Mzee mmoja Mreno alilala fofofo katikati ya hotuba, na hotuba yenyewe ni ya ugonjwa wa usingizi. Wapishi walikuja mmoja mmoja kumchungulia. Wakati mwingine ningecheka mpaka nikae chini. Safari hii macho yangu yalikuwa barabarani, na jioni ya siku ya pili nikaona polisi wawili wanapanda kamio ya Kabambare. Nilifikiri kuacha kazi usiku huohuo. Halafu nikafikiri, nikiacha, yaya atabebwa na watu wasio wake, na hakuna hata ndugu mmoja karibu. Nikabaki.

Siku ya tatu tulitoka alfajiri, kamio nyuma ya kamio, vumbi tupu. Nilikaa mbele na Daktari. Tulipofika Kabambare, pale njia inapogawanyika, huku dispensari, huku mtaa wa Waislamu, akamwambia dereva asimame. Akashuka, akaniambia, "Nyumba iko wapi?" Alikuwa anaijua, aliwahi kula pale. Nafikiri alitaka tu nitangulie.

Bwana mkubwa wa teritwari akashuka naye, akasema kwa Kifaransa, anaonyesha saa, anaonyesha wageni waliokaa juani. Daktari akaendelea kutembea. Mzee Msudani mmoja akatufuata, na daktari mmoja mwanamke, Mzungu wa nchi ya Waingereza, na mfuko wake.

Uani polisi walikuwa wamekwisha kusimama. Daktari akawaambia waende. Akavua kofia, akakaa kwenye mkeka pamoja na wanaume wa mtaa, miguu yake mirefu haijui ikae wapi. Msudani akainua mikono, akasoma Fatiha, sote tukainua. Daktari akainamisha kichwa.

Kisha akasema kwa kugeukia pazia la mlango, "Mama, pole. Nimechelewa."

Mama mkwe akasema, "Amesikia."

Baadaye kidogo sauti ya yaya ikatoka. "Asante, Daktari. Siku zake za mwisho alikuulizia."

Daktari akaletewa kahawa, akainywa yote. Habari ya mgongo hakuitaja.

Yule daktari mwanamke aliniomba aingie. Nikamuuliza mama mkwe. "Kama anaingia kwa kilio, aingie," akasema. "Mufuko wa sindano ubaki inje." Mwanamke akauweka mfuko chini, akavua viatu, akaingia. Walichosema ndani sijui. Lugha moja hawakuwa nayo. Alikaa muda mrefu, na alipotoka akavaa viatu, akauokota mfuko wake.

Kule dispensari wageni walikuwa wamekaa kwenye mabenchi niliyoyapanga, mbele yao kiti ambacho hakuna wa kukikalia. Daktari akasimama nyuma ya kiti. Akasema mgonjwa wake yuko katika kilio na hataonekana. Halafu, mahali pa kumwonyesha yaya, akaanza kusema habari za shemeji. Kifaransa changu ni kidogo, lakini jina lake nililisikia mara nyingi. Bwana mkubwa wa teritwari alitoka nje katikati, na mwezi haukwisha, kwa amri yake, mimi sikuwa kapita tena. Hiyo niliitegemea.

Daktari alipomaliza nikakimbia kwa yaya kumwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama wageni walisikia vizuri, hata wale waliokaa nyuma.

"Walisikia, yaya. Hakuna aliyekohoa."

Akavuta nguo yake nyeupe kichwani, akashika tasbihi. Mama mkwe akanisukuma taratibu niende. Huko njiani kamio zilikuwa zinapiga honi, wageni walikuwa na njaa, nami nilikuwa na watu wote wale wa kurudisha Kasongo.