Nilipoonja Maji ya Riyadh

Niliondoka nyumbani kwa sababu ya neno moja ambalo mdogo wangu Jilo alikataa kulisema kwa simu. Ikama yake, yaani kibali chake cha kuishi Saudia, ilikuwa inakaribia kwisha. Kila nilipomuuliza kama atarudi Tana au ataiongeza, alinijibu, "Nirudi kwenye shamba gani, dada?" Alitaka tuache mpunga, tuchimbe kisima kirefu, tulime matikiti kwa pampu. Mimi sikutaka chochote kibadilike. Nilipojaliwa kwenda umra, nikaona nikimaliza ibada nifike Riyadh tuzungumze ana kwa ana.

Kwa msomaji asiyeijua delta yetu, nieleze kidogo. Bamvua, yale maji makuu ya bahari, linapojaa, bahari huusukuma mto urudi nyuma, na maji matamu hupanda mifereji yakaingia mashambani yenyewe. Kazi yetu ni kufungua mlango wa mbao maji yakiwa matamu, na kuufunga yakiwa na chumvi. Hatuna kipimo, mtu huchota kwa kiganja akaonja. Ila siku hizi mto huja mdogo, na bahari inaingia mbali zaidi. Msimu uliopita shamba letu la chini, alilotuachia mama, liliingiwa na chumvi mpunga ukiwa unachanua. Hatukuvuna kitu.

Jeddah, baada ya umra, nililala mtaa wa Bani Malik kwa Bi Zuhura, mwenyeji wa Kipini, mdomoni mwa mto wetu, anayefanya usafi maofisini. Aliposikia safari yangu alicheka.

"Wataka kumrudisha mwanamume shambani? Basi mpelekee harufu ya mchele."

"Ninao," nikamwambia, nikafungua mfuko wa mchele wetu.

Akainama, akanusa. "Nipunguzie kikombe," akasema.

Alfajiri nilipanda basi la Riyadh. Milima ya mawe ilitusindikiza mwanzoni, kisha ikabaki nchi tupu, rangi ya mkate uliookwa, hadi jioni. Nilitafuta mto kwa macho njia nzima, kama mtu anayetafuta jamaa yake katika umati. Sikuuona hata mmoja.

Al-Malqa, mtaa wa matajiri ambako Jilo ni dereva na mtunza bustani, nilipokewa vizuri. Madam, mke wa bosi wake, aliniruhusu kulala chumbani kwa Mercy, Mkenya mwenzetu anayefanya kazi za ndani. Asubuhi Jilo alinionyesha bustani yake kwa fahari: majani mabichi, maua, mabomba membamba yanayodondosha maji kwenye shina la kila mti. Akafungua mpira wa maji. Nami, kwa mazoea, nikakinga kiganja nikaonja.

"Tema, dada. Tema."

"Kwani vipi? Hayana chumvi."

"Hayana chumvi, lakini yametoka chooni."

Akanieleza kwamba maji machafu ya mji husafishwa, yakarudishwa kwa mabomba kumwagilia miti. Yanafaa kwa bustani, si kwa kinywa. Mercy alicheka hadi akashika ukuta. "Hata huyu alionja siku ya kwanza," akasema. "Nyinyi watu wa mto mna nini?"

Ijumaa baada ya swala, bosi alitualika kwenye shamba lake la mitende, kusini mwa mji. Ni mzee mpole, na Jilo humwita baba. Ng'ambo ya ua niliona uwanja mpana wa vumbi, wa mviringo, na katikati yake mkono mrefu wa chuma umesimama na kutu. Nikauliza ni nini. Mzee akaeleza, na Jilo akanifasiria: hapo walilima ngano, na mkono ule ulizunguka ukiimwagilia. Walichimba kisima, maji yakashuka. Wakachimba zaidi, yakashuka tena, kisha yakaanza kuwa na chumvi. Halas, basi tena, wakaiacha ngano. Maji yaliyobaki huyadondosha kwenye mitende peke yake.

Kisha mzee akaniuliza kama kwetu kuna mto. Nikasema upo. Akamgeukia Jilo, akazungumza kwa muda mrefu.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anasema tunywe kahawa."

"Maneno yote yale ni kahawa?"

Jilo akatazama viatu vyake. "Anauliza, wenye mto wanachimba kisima kwa nini."

Nilitamani kucheka, lakini nilimwonea huruma. Tena lile neno halikumgusa yeye peke yake. Nilikuwa nikiutazama ule uwanja wa vumbi na ile mitende. Mzee aliacha kimoja ili kingine kiishi. Mimi nilikuwa nimeng'ang'ania mashamba yote mawili, la juu na la chini.

Garini, tukirudi, nikamwambia, "La chini tuliache liote nyasi. Waorma walishe ng'ombe wao kiangazi. La juu tulizungushie tuta, tuweke mlango mpya, tubaki na mpunga. Na matikiti yako uyawekee hayo mabomba membamba, maji yatoke mtoni."

"Shamba la mama? Wewe ndiye uliyekuwa ukikataa."

"Nilikuwa nikikataa."

Alipunguza mwendo, akapisha lori. Mwishowe akasema, "Mlango usitumie mbao za mwembe. Zinaoza." Kuhusu kurudi, hakusema neno. Alipoagana nami stendi, mfuko wa mchele ulikuwa umebaki kwake.

Nyumbani, majirani walinisaidia kujenga tuta. Nilijifunza safarini kwamba kulitunza shamba si kulishika lote. Wakati mwingine ni kuchagua lipi uliachie. Hilo lilinipa nguvu ya kupita shamba la mama bila kugeuza uso.

Bamvua la kwanza lilipofika, Jilo alipiga simu nikiwa nimesimama kwenye mfereji.

"Umeonja?"

"Nimeonja. Yana chumvi. Nimefunga."

"Mbona nasikia yanaingia?"

"Kidogo tu, pembeni."

"Mlango wa mbao gani huo?" Nikauegemea mlango kwa goti. "Dada."

"Za mwembe."

Akashusha pumzi ndefu. "Ziba kwa udongo. Na huo mlango usiuguse tena mpaka nije."

Akakata simu. Nikaiweka simu mahali pakavu, nikaanza kuchota udongo.