Pingili ya Tatu

Katika shamba lile la farasi walimwita Bi Pingili, na wala hakukasirika. Kwa miaka ishirini na miwili yeye ndiye aliyetunza kitabu cha ukoo. Akiulizwa kama dume fulani anamfaa jike fulani, alihesabu vizazi kwa pingili za kidole chake cha shahada, akianzia kwa mtoto atakayezaliwa: wazazi, mababu, waliowazaa mababu. Jina moja likijitokeza pande zote mbili kwenye pingili ya tatu au mbali zaidi, alisema hiyo ni kurudisha damu njema nyumbani. Likija karibu zaidi ya hapo, alifunga kitabu.

"Huko ni kuozesha ndugu kwa ndugu," alizoea kusema. "Mnataka farasi au mnataka msiba?"

Hakuwa akitisha watu bure. Zamani, kabla hajakabidhiwa kitabu, dume alipandishwa kwa dada yake wa tumbo moja ili mbio za baba yao zirudi maradufu. Mtoto akazaliwa miguu ya mbele imejikunja, hawezi kusimama anyonye. Kwa siku tatu Bi Pingili alikipakata kichwa chake na kumnywesha maziwa ya chupa, mpaka daktari wa mifugo alipokuja na sindano ya mwisho. Tangu hapo jambo hilo halikuwa la mzaha kwake.

Asubuhi moja mwenye shamba aliingia chumba cha vitabu anacheka peke yake. Shamba alilirithi kwa marehemu baba yake, naye alimwita Bi Pingili shangazi tangu anavaa kaptula.

"Shangazi, msimu huu Kipusa apandishwe na Shoka. Nimehesabu ulivyonifundisha. Babu yake Shoka ndiye aliyemzaa mama yake Kipusa. Pingili ya tatu huku, ya tatu kule. Safi kabisa."

Kwenye karatasi ilikuwa safi kweli. Ila karatasi ilisema uongo, na mwongo mwenyewe alikuwa amekaa pale pale, miwani puani.

Miaka saba nyuma, dume wa jirani aliletwa kumpanda mama yake Kipusa, akarudishwa kwao. Siku ya pili yake Bi Pingili alitoka bandani na ndoo ya maji, akasahau kutia komeo. Aliporudi, Shoka alikuwa ameshaingia kwa jike huyo na kumaliza shughuli zake, anatafuna majani kama mtu asiye na habari. Bi Pingili hakumwambia mtu. Kipusa alipozaliwa, aliandika jina la dume wa jirani, akijipa moyo kwamba huenda ndiye. Baadaye mtunza farasi wa jirani akamnong'oneza kuwa dume wao hakushikisha mimba hata jike mmoja msimu ule. Kufuta jina kungekuwa kukiri komeo, naye alikuwa ameshazoea kuitwa mama asiyekosea. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yeye aliivuta miaka saba.

Alifikiria kusema Shoka amezeeka, au Kipusa ana mgongo mbovu. Kisha akakumbuka uzito wa kile kichwa mapajani.

"Mwanangu, kaa kwanza," alisema. "Shoka ndiye baba yake Kipusa. Komeo nililisahau mimi, na uongo niliuandika kwa mkono wangu."

Mwenye shamba alikitazama kidole chake mwenyewe, kingali kimeshikwa penye pingili ya tatu.

"Na kurasa nyingine?"

"Ni huo mmoja tu."

"Jana ningekuamini, shangazi."

Ilimchoma, kwa kuwa ilikuwa haki yake kusema. Alikata jina la zamani kwa mstari mmoja, akaandika Shoka, na chini yake: komeo lilisahauliwa na mwandishi. Mwenye shamba alingoja wino ukauke, akakitia kitabu kwapani.

"Kipusa hatapandishwa na Shoka," alisema mlangoni. "Kwa hilo, asante."

Kitabu hakikurudi mezani.

Mchana Bi Pingili alikwenda bandani mikono mitupu, hajui aiweke wapi. Kipusa alimnusa kwapa la kushoto, mahali kitabu kilipozoea kukaa, akakikosa, akampumulia shingoni.

"Nimekuandikia baba yako," alimwambia. "Nimechelewa, mama, lakini ndiye."

Akatoka, akatia komeo, akalijaribu mara mbili.